Kufundisha programu kidato cha pili kwa kompyuta kumi na mbili

Darasa ninaloliwazia hapa lina wanafunzi 48 na kompyuta 12 zinazowaka. Somo lina vipindi viwili mfululizo kwa wiki, yaani dakika 80, na umeme hukatika bila taarifa. Hawa watoto wengi wana simu nyumbani lakini hawajawahi kugusa kibodi. Mwalimu mwenzangu, kama hali yako inafanana na hii, mwongozo huu ni wako.

Mwaka wangu wa kwanza nilifundisha kama nilivyofundishwa. Niliandika programu ubaoni, wanafunzi wakainakili kwenye daftari, kisha wakaenda kuichapa kwenye mashine. Zote zilifanya kazi. Siku ya jaribio niliwapa programu ileile na kuwaomba wabadilishe kitu kimoja, bei ya bidhaa, na nusu ya darasa hawakujua mstari wa kugusa. Walikuwa wamechapa herufi tu, hawakuwa wamesoma.

Tangu hapo nashika kanuni moja, nayo ndiyo inayoongoza hatua zote zinazofuata: mwanafunzi asome programu kabla ya kuandika yake. Hatumwambii mtoto wa darasa la kwanza atunge insha kabla hajasoma hata hadithi moja fupi, lakini kwenye kompyuta ndivyo tunavyofanya kila siku. Tena kusoma hakuhitaji umeme, wala kompyuta 48.

Muhula wa wiki kumi naugawa hivi: wiki mbili bila kompyuta kabisa, wiki mbili za vibadilika (majina yanayobeba thamani) na kuingiza data, mbili za masharti, mbili za kurudia, na mbili za kazi ya mwisho.

Hatua ya 1: Andaa mashine kabla shule haijafunguliwa

Nashauri Python, lugha ya kuandikia programu aliyoianzisha Mholanzi Guido van Rossum na kuitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Mstari mmoja tu unatosha kuonyesha jibu kwenye skrini, na mwanafunzi halazimiki kunakili maneno kumi asiyoyaelewa ili aone neno "Habari".

Kwa kuiandikia na kuiendesha, tumia programu iitwayo Thonny. Ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu huko Estonia mahsusi kwa wanaoanza, ni ya bure, na inakuja na Python yake ndani, kwa hiyo unaipakua mara moja mahali penye intaneti, unaiweka kwenye flashi na kuisambaza kwenye mashine zote. Angalia umri wa mashine zako kwanza. Kama bado zinatumia Windows 7, Python ya mwisho inayokubali ni 3.8, hivyo tafuta Thonny iliyofungwa pamoja na toleo hilo. Flashi yenyewe ipimwe virusi kabla haijaingia kwenye mashine ya kwanza, maana ikiwa chafu utakuwa umezichafua zote kumi na mbili kwa mchana mmoja.

Zipe mashine namba kwa karatasi na gundi. Kwenye kila moja fungua folda yenye jina la mkondo. Kisha fungua Thonny, ingia menyu ya View na uwashe Variables: upande wa kulia itatokea jedwali linaloonyesha kila jina na thamani yake ya sasa. Jedwali hilo litakusaidia kuliko projekta.

Endesha programu ya mstari mmoja kwenye kila mashine. Kwenye kila mashine, nasisitiza. Ukigundua mbele ya wanafunzi kwamba mashine namba 7 haifanyi kazi, dakika kumi zimeshapotea.

Hatua ya 2: Wiki mbili za roboti na rejista

Usiwapeleke chumba cha kompyuta bado. Watanung'unika, vumilia.

Siku ya kwanza chagua mwanafunzi mmoja awe roboti. Roboti anaelewa amri tatu tu: PIGA HATUA, GEUKA KULIA, GEUKA KUSHOTO. Kazi ya darasa ni kumtoa kwenye dawati lake hadi mlangoni. Waandike amri zote kwenye karatasi kwanza, ndipo mmoja azisome kwa sauti, na roboti atii bila huruma. Ikiandikwa hatua sita mbele ya ukuta ulio umbali wa hatua nne, roboti aendelee kusukumana na ukuta mpaka hatua zote sita ziishe.

Watacheka, na hapo ndipo pa kusimamisha somo. Waulize: ni mstari wa ngapi uliokosewa? Wasikubaliwe kufuta karatasi yote na kuanza upya. Watafute mstari mmoja, warekebishe huo tu, wajaribu tena. Kazi ya kutafuta kosa wanaianza leo, wangali hawajui hata neno moja la Python.

Baada ya raundi mbili watalalamika wenyewe kwamba wamechoka kuandika PIGA HATUA mara saba. Waongezee amri ya nne: RUDIA MARA. Halafu hamisha dawati moja lizibe njia, na usiwaambie roboti ataanzia upande gani. Sasa watahitaji KAMA MBELE KUNA DAWATI. Mfuatano, marudio na sharti vimeingia vyote darasani kwa sababu vilihitajika, si kwa sababu viko kwenye muhtasari wa somo.

Wiki ya pili chukua rejista ya mahudhurio, majina 48 kwa mpangilio wa alfabeti. Mwanafunzi mmoja achague jina kimya kimya na kuliandika pembeni. Darasa linataja jina lolote la kwenye rejista, naye anajibu "ni lenyewe", "liko kabla" au "liko baada". Wakianza kutaja kutoka juu, wanaweza kufika 48. Waache waone uchovu wake. Mara nyingi kuna mmoja atakayesema, "tuanze katikati". Kwa kugawa katikati kila mara, jina lolote kati ya 48 hupatikana kwa kutaja yasiyozidi sita. Waulize: majina yakiwa 1,000 je? Kumi yanatosha. Milioni moja? Ishirini. Wape muda wa kuihakiki kwa kugawa kwa mbili kwenye daftari, kwani wengi hawataamini, na ni haki yao kutoamini kabla hawajahesabu. Utaratibu wa hatua kama huo ndio unaoitwa algoriti, na sasa neno hilo wana pa kulishikiza.

Hatua ya 3: Programu ya maandazi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo somo hushikika au huvunjika.

Andika hii ubaoni, bila kuwasha kompyuta yoyote:

    bei = 200
    idadi = 4
    jumla = bei * idadi
    bei = 250
    print(jumla)

Kabla hujaeleza chochote, kila mtu aandike kwenye daftari namba anayodhani itatokea. Kwa kalamu, si penseli, ili asifute. Wengi wataandika 1000. Wanadhani bei ikipanda, jumla nayo inapanda yenyewe.

Sasa chora jedwali lenye safu tatu: bei, idadi, jumla. Pita mstari kwa mstari, ukifuta na kuandika thamani mpya. Ukifika mstari wa nne, bei inafutwa na kuwa 250, lakini safu ya jumla hakuna aliyeigusa, bado ni 800. Baada ya hapo ndipo mmoja aiendeshe kwenye mashine ili wote waone 800. Kompyuta haikumbuki kwamba jumla ilitokana na bei. Ilipewa 800, imeshika 800.

Kinachowatatiza ni ile alama ya =. Kwenye hisabati wamefundishwa kwamba pande mbili ni sawa, na huwezi kuwalaumu. Dawa niliyoipata ni kuisoma kwa neno moja tu: *ipewe*. "Jumla ipewe bei mara idadi." Wiki mbili nzima, mwanafunzi akisoma msimbo, yaani mistari ya programu, kwa sauti, nisisikie "ni sawa na". Mbele ya safari utakapoandika `majaribio = majaribio + 1`, jambo ambalo mwalimu wa hisabati angelikatia mstari mwekundu, darasa lako litasoma "majaribio ipewe majaribio jumlisha moja" na hakuna atakayeshtuka.

Utaratibu wa kila programu mpya uwe huu: tabiri, endesha, chunguza, badilisha, kisha tunga yako. Si ubunifu wangu. Mtafiti wa Uingereza Sue Sentance na wenzake ndio walioupanga kwa mfuatano huo na kuuita PRIMM, kwa herufi za mwanzo za maneno hayo matano ya Kiingereza. Hatua inayorukwa na walimu wengi ni ya kwanza. Usiiruke. Aliyekwisha kuandika utabiri wake ana sababu ya kulitazama jibu.

Baada ya maandazi, ruhusu mteja aingize idadi mwenyewe:

    bei = 200
    idadi = input("Unataka maandazi mangapi? ")
    print(bei * idadi)

Watabiri: nikiandika 4, nitapata nini? Wote watasema 800. Endesha. Skrini itajaa tarakimu ya 4 iliyorudiwa mara mia mbili, zote zimebanana. Hakikisha unawaacha wajiulize kabla hujajibu. Maelezo ni kwamba `input` hupokea maandishi, si namba, na maandishi yakizidishwa kwa 200 yanarudiwa mara 200. Ukiifunga ndani ya `int`, yaani `int(input(...))`, maandishi yanageuzwa kuwa namba nzima na jibu linakuwa 800.

Hatua ya 4: Kiswahili kifanye kazi

Maneno ya Python ni ya Kiingereza na mtihani nao ni wa Kiingereza. Hilo halikuzuii kufundisha kwa lugha ambayo mtoto anafikiria nayo. Muhula mzima unahitaji maneno yasiyozidi kumi na tano: `print`, `input`, `int`, `if`, `elif`, `else`, `while`, `for`, `in`, `range`, `break` na machache mengine. Yaandike kwenye manila, kila moja na maana yake kwa Kiswahili, ubandike ukutani. Yote yaliyobaki, majina ya vibadilika na ujumbe kwa mtumiaji, yawe Kiswahili: `bei`, `jumla`, `umri`, `alama_za_hisabati`.

Kuna faida ambayo sikuitarajia. Mwanafunzi akiona `total = price * number`, hajui lipi ni neno la Python na lipi ni jina ambalo mtu amejibunia. Akiona `jumla = bei * idadi` ndani ya programu yenye `print` na `input`, anatofautisha mara moja: la Kiingereza ni la lugha, la Kiswahili ni letu.

Onyo moja: `ng'ombe` haliwezi kuwa jina la kibadilika. Python ikiona ile alama ya ritifaa inadhani maandishi yameanza, kisha inasubiri yafungwe. Andika `ngombe`. Kwa sababu hiyohiyo wazoeshe alama mbili za kunukuu kwenye maandishi. `print("Ng'ombe wangapi?")` inafanya kazi, ukitumia alama moja moja, programu inavunjika palepale kwenye ritifaa.

Kila mwisho wa wiki, dakika tano, waandike kwenye daftari maana za maneno mawili matatu kwa Kiingereza cha mtihani. Wakati huo wazo wameshalishika, kinachobaki ni jina.

Hatua ya 5: Dereva na konda

Sasa wako kwenye mashine. Gawa darasa nusu kwa nusu: 24 kwenye kompyuta, wawili wawili, na 24 kwenye madawati na karatasi. Dakika kumi za mwanzo mko pamoja ubaoni, thelathini kila nusu mahali pake, mnabadilishana kwa thelathini nyingine, na kumi za mwisho mnarudi pamoja.

Kwenye kila mashine kuna dereva na konda. Dereva ana kibodi. Konda ana karatasi yenye kazi, ndiye anayesema nini kiandikwe na wapi pa kusimama, na haruhusiwi kugusa kibodi hata kidole kimoja. Kila dakika saba piga kengele, wabadilishane viti. Kubadilishana viti, si kusogeza kibodi tu, maana aliyekaa mbele ya skrini hujiona mwenye mashine.

Simamia kengele hiyo kwa ukali. Mashine ikiachwa bila utaratibu, aliyewahi kutumia kompyuta nyumbani huishika mpaka mwisho wa kipindi, na nilichokiona mimi ni kwamba anayebaki kuandika notisi pembeni mara nyingi ni msichana. Usiseme "hakikisheni kila mtu anashiriki." Piga kengele.

Nawe mwalimu usishike kibodi ya mwanafunzi. Mikono nyuma. Ukiona kosa, uliza: "Nisomee mstari wa tatu." Akiusoma kwa sauti, mara nyingi ataliona mwenyewe kabla hajamaliza.

Nusu iliyo kwenye madawati wape bahasha. Ndani weka mistari ya programu moja iliyokatwa vipande vya karatasi na kuchanganywa, waipange upya. Zoezi hili lilielezwa mwaka 2006 na Dale Parsons na Patricia Haden wa New Zealand, na kwa shule zetu ni hazina: bahasha kumi na mbili unazitengeneza jioni moja na unazitumia miaka. Ongeza kipande kimoja au viwili visivyohitajika, ili wasibahatishe kwa kumalizia kilichobaki. Umeme ukikatika, darasa zima linahamia kwenye bahasha. Usisimulie hadithi kusubiri umeme urudi.

Hatua ya 6: Masharti, kwa madaraja wanayoyajua

Hakuna mwanafunzi wa kidato cha pili asiyejali madaraja. Tumia ya mtihani wa kidato cha nne: A kuanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo F. Wape programu hii, iliyokosewa makusudi:

    alama = int(input("Alama: "))
    if alama >= 30:
        print("D")
    elif alama >= 45:
        print("C")
    elif alama >= 65:
        print("B")
    elif alama >= 75:
        print("A")
    else:
        print("F")

Watabiri kwa 20, 50 na 80. Wa 80 anapata D, na darasa litalalamika kama vile ni matokeo ya kweli. Wafuate kwa kidole: 80 ni kubwa kuliko 30? Ndiyo. Basi kompyuta imeandika D na haisomi tena yaliyobaki. Waachie kazi ya kuipanga upya kuanzia 75.

Wakishamaliza, waulize wataijaribu kwa namba zipi. Watataja 50, 60, 90. Wafundishe kupenda namba za mpakani: 75 na 74, 65 na 64, 45 na 44, 30 na 29, kisha 0 na 100. Makosa hujificha mpakani, pale mtu alipoandika `>` badala ya `>=` na mwenye 75 kamili akanyimwa A yake.

Nafasi nne mwanzoni mwa mstari zielezwe hapa tu, zinapohitajika. Thonny inaziweka yenyewe ukibonyeza Enter baada ya nukta mbili. Waambie nafasi hizo ni kama uzio: kilichosogezwa ndani ni cha sharti, kilichorudi ukingoni si chake.

Hatua ya 7: Kurudia, kwa namba ya siri

Kila mtu ameona mzazi akikosea namba ya siri ya pesa za simu na kuhesabiwa majaribio. Soma nao hii (`while` hurudia maadamu sharti ni kweli, `break` huvunja marudio):

    majaribio = 0
    while majaribio < 3:
        siri = input("Weka namba ya siri: ")
        if siri == "4821":
            print("Karibu")
            break
        majaribio = majaribio + 1

Hapa kuna mambo matatu ya kuyachimba. La kwanza, alama = ni amri na == ni swali; wasome "je, siri ni sawa na 4821?" La pili, waulize kwa nini safari hii hatukutumia `int`. Jibu zuri ni kwamba namba ya siri haijumlishwi na chochote, tena aliye na 0042 angebaki na 42. La tatu, futa mstari wa mwisho na uwaulize nini kitatokea. Mashine itauliza milele. Waonyeshe kitufe chekundu cha Stop kwenye Thonny, na Ctrl pamoja na C, kabla hawajakihitaji kwa hofu.

Wasitumie namba ya siri halisi ya mzazi. Liseme wazi, na ulirudie.

Kwa `for` sina mengi: jedwali la kuzidisha linatosha. Kinachowakamata wote ni kwamba `range(1, 10)` inaishia 9. Wape watabiri, waone jedwali likikosa kumi, wao wenyewe watarekebisha kuwa 11.

Hatua ya 8: Ujumbe wa kosa husomwa kutoka chini

Maandishi mekundu yanawatisha wanafunzi kuliko mtihani. Wafundishe kuanza na mstari wa mwisho, unaotaja kosa ni la aina gani, kisha wapande juu kutafuta namba ya mstari. Aina tatu zinafunika karibu kila kitu watakachokutana nacho. *NameError*: umetaja jina ambalo halijapewa kitu, mara nyingi kwa sababu uliandika `Jumla` mahali pa `jumla`. *SyntaxError*: umekosea uandishi, angalia mabano na nukta mbili. *IndentationError*: nafasi za mwanzo haziko sawa.

Kwenye matoleo ya zamani ya Python, ukisahau kufunga mabano mstari wa 3, lawama inaweza kwenda mstari wa 4. Kwa hiyo: ukiona mstari uliotajwa hauna kasoro, tazama wa juu yake.

Kila mmoja awe na kurasa nne za nyuma ya daftari kwa makosa: tarehe, ujumbe, kilichosababisha. Kurasa hizo nazitazama kabla ya kutunga jaribio lolote.

Hatua ya 9: Kazi ya mwisho itoke nyumbani

Wiki ya nane, kila mwanafunzi aende nyumbani na swali moja: "Ni hesabu gani unaifanya mara kwa mara?" Anayeuza maandazi anataka kujua kilo moja ya unga imemwachia faida kiasi gani. Bodaboda anajua hesabu ya wiki anayompelekea mwenye pikipiki, na angependa kuona imebaki kiasi gani kila jioni. Fundi cherehani anakokotoa mita za kitambaa. Hesabu hizo zinatosha kabisa kwa mistari 15 hadi 30.

Kwanza waandike hatua kwa Kiswahili kwenye karatasi, wakuletee usome. Asiyeweza kuziandika kwa Kiswahili hawezi kuziandika kwa Python. Hapo mrudishe kwa mzazi akaulize tena, usimpe msimbo.

Usisahihishe programu peke yake. Programu hunakiliwa kwa flashi, na siku hizi huombwa pia kwa mashine zinazojibu maswali. Keti na kila mwanafunzi dakika tatu. Fungua kazi yake, mwonyeshe mstari mmoja na useme, "Nieleze huu unafanya nini." Kisha mpe badiliko moja: bei ya unga imepanda, ongeza gharama ya mafuta, zuia mtu asiingize idadi chini ya sifuri. Alama nyingi ziwe hapo. Kwa wanafunzi 48, dakika tatu tatu ni saa mbili na dakika ishirini na nne, kwa hiyo wagawe kwenye wiki mbili za mwisho huku wengine wakiendelea na mashine.

Atakayeshindwa kueleza mstari wake mwenyewe, usimpe sifuri na kuendelea. Mrudishe kwenye ile programu ya maandazi, mpe kalamu, achore safu tatu: bei, idadi, jumla.